Walipoteza mashamba, hawakupoteza mchezo: historia ya lakrosi na klabu za vijana



Siku chache zilizopita niliketi na vijana wa familia zilizokimbia vita. Walitaka kuanzisha klabu ya michezo kwa watoto wa pale wanapolala. Mali yao yote ilikuwa balo moja ya matambara na daftari moja la shule. Papa mmoja aliyekuwa anasikiliza pembeni akawauliza: "Wanangu, mchezo utajaza sufuria?" Vijana wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, juu swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyekaa siku nzima kwenye foleni na jetoni mkononi, akarudi na kilo chache za unga, ana haki ya kuuliza hivyo.

Leo nataka kumjibu papa huyo, na nitamjibu kwa historia. Nimechagua mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona kwa macho, unaoitwa lakrosi. Nimeuchagua kwa sababu wenye mchezo huo walichomewa vijiji, wakalala katika kambi, wakapoteza sehemu kubwa ya ardhi yao, na hata leo wanaulizwa makaratasi yao ni ya nchi gani. Lakini watoto wao bado wanacheza, na wanacheza kwa jina lao wenyewe.

Mchezo uliopewa kama dawa

Katika lakrosi kila mchezaji anashika fimbo yenye wavu mdogo kwenye ncha. Kwa wavu huo anadaka balo ndogo, anakimbia nayo, anamrushia mwenzake, ao anaipiga katika goli. Mikono haigusi balo, isipokuwa ya kipa.

Mchezo huu ulizaliwa kwa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, karne nyingi mbele ya Wazungu kufika. Kati ya walioutunza sana ni Wahaudenosaunee, maana yake watu wa nyumba ndefu. Wafaransa waliwaita Iroquois. Ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Nchi yao ya asili iko pale ambapo leo kuna jimbo la New York huko Marekani, na sehemu za Ontario na Quebec huko Kanada.

Jina lakrosi ni la Kifaransa: la crosse, fimbo iliyopinda. Mmisionari Mfaransa Jean de Brébeuf, aliyeishi kati ya Wahuroni, majirani wa Wahaudenosaunee, aliandika mwaka 1636 kwamba waganga wa huko waliweza kuagiza mchezo huo uchezwe kwa ajili ya mgonjwa. Brébeuf alishangaa na hakukubaliana nao. Lakini maandishi yake yanatuonyesha kwamba kwa watu wale mchezo haukuwa wa kupitisha wakati tu. Ulichezwa kumshukuru Muumba, kuombea mgonjwa, na mara nyingine kumaliza ugomvi kati ya vijiji mbele haujafika kwenye damu. Hata leo Wahaudenosaunee wanauita mchezo wa Muumba, ao mchezo wa dawa.

Mwaka wa moto

Mwaka 1779, wakati Marekani ilipokuwa inapigana na Uingereza kutafuta uhuru wake, mengi ya mataifa hayo sita yalikuwa upande wa Waingereza. Jenerali George Washington akatuma jeshi katika nchi yao, na amri ilikuwa kuharibu. Vijiji zaidi ya 40 vilichomwa. Mahindi yaliyokuwa yanangoja kuvunwa yalichomwa pia, na miti ya matunda ikakatwa.

Maelfu ya watu, akina mama, wazee na watoto, wakakimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara. Wakajenga vibanda kuizunguka ngome, wakangojea chakula cha msaada. Baridi ya mwisho wa 1779 na mwanzo wa 1780 ilikuwa kali kuliko kawaida, theluji ikawa nyingi, na chakula hakikutosha. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Wasomaji wetu walioko makambini hawahitaji maelezo zaidi juu ya maisha ya namna hiyo.

Vita vilipokwisha, Waingereza walitia sahihi ya amani bila kuwakumbuka hao waliopigana pamoja nao. Mwaka 1784 gavana Haldimand aliwapa ardhi kandokando ya mto Grand, katika Ontario ya leo, na kundi kubwa likahamia huko pamoja na kiongozi wao Joseph Brant. Wengine walibaki upande wa Marekani, katika vipande vidogo vya nchi yao ya zamani. Mpaka wa nchi mbili ukapita katikati ya watu wamoja. Hata ile ardhi ya mto Grand, sehemu kubwa iliwatoka mikononi kwa miaka iliyofuata.

Mwaka 1797, miaka 18 tu baada ya moto ule, Waseneca waliobaki upande wa Marekani walivuka mpaka wakaenda mto Grand kucheza lakrosi na ndugu zao Wamohawk. Wazee wa pande zote walikuwepo. Watu waliotawanywa na vita walipokutana tena, mkutano wao ulikuwa na uwanja ndani yake.

Klabu iliyowafukuza wenye mchezo

Sasa tufike kwenye neno klabu. Katika mji wa Montreal, huko Kanada, Wazungu walikuwa wakitazama Wamohawk wa kijiji jirani cha Kahnawake wakicheza, wakaupenda mchezo, wakajifunza kwao. Mwaka 1856 wakaanzisha klabu yao, Montreal Lacrosse Club. Daktari wa meno mmoja, William George Beers, akaandika kanuni. Alisema wachezaji wawe 12 kila upande, uwanja uwe na kipimo, na balo iwe ya mpira. Mwaka 1867 kanuni zake zikawa za muungano wa klabu za Kanada yote.

Kuandika kanuni si jambo baya. Bila kanuni watoto wanagombana kila siku. Lakini tuangalie kilichofuata. Mwaka 1876 Beers alipeleka ekipe mbili Uingereza, moja ya Wazungu wa Montreal na moja ya Wamohawk wa Kahnawake, wakacheza mbele ya Malkia Victoria. Watu walikuja kwa wingi kuwatazama Wamohawk. Miaka 4 tu baadaye, mwaka 1880, muungano uleule wa klabu ulitoa kanuni mpya kwamba anayecheza kwa malipo hakubaliwi katika mashindano yake. Wenyeji walikuwa masikini. Ili wafike kwenye uwanja wa mbali walihitaji pesa ya safari, na kwa kupokea pesa hiyo wakahesabiwa kuwa wanaolipwa. Hivyo wenye mchezo wakafungiwa nje ya mashindano ya mchezo wao, kwa kanuni ambayo ukiisoma haraka inaonekana ya haki kabisa.

Vijana wanaotaka kuanzisha klabu wakumbuke mwaka huo wa 1880. Kanuni ikisema kwamba kila mtoto alete viatu, ao kila mtoto alipe franga fulani, haitaji kabila wala kijiji cha mtu. Lakini jioni mutaona ni watoto wa nani waliobaki nje ya kamba, wakitazama.

Mchezo ukaenda mbali. Mwaka 1890 wasichana wa shule ya St Leonards, huko Scotland, walianza kuucheza, kwa sababu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, Louisa Lumsden, alikuwa ameuona Kanada. Kutoka shule hiyo ndiko ulikotoka mchezo wa wanawake unaochezwa leo katika nchi nyingi. Mwaka 1904 lakrosi iliingia katika Olimpiki ya St. Louis, na ekipe ya Wamohawk ikachukua nafasi ya tatu. Mwaka 1908 ilichezwa tena katika Olimpiki ya London. Baada ya hapo ikatoka katika orodha ya kugombea medali.

Kulea watoto, kutengeneza fimbo

Walipofungiwa nje, Wahaudenosaunee hawakuacha. Walicheza kijiji kwa kijiji. Mtoto wa kiume alipewa fimbo ndogo angali mchanga, na wazee walizikwa na fimbo zao. Katika miaka ya 1930 huko Kanada ilianza namna mpya ya kucheza ndani ya kiwanja kidogo kilichozungukwa na mbao; leo inachezwa na wachezaji 6 kila upande. Namna hiyo iliwafaa sana watu wa vijiji vidogo. Haikuhitaji ardhi kubwa, na wachezaji wachache walitosha kuunda ekipe. Vijiji vingi vya Wahaudenosaunee vikajenga kiwanja cha mbao, na watoto wakakulia hapo.

Fimbo zenyewe zilitengenezwa na wenyeji. Mti mgumu unaoitwa hickory unapasuliwa, unapashwa mvuke, unapindwa, unaachwa ukauke kwa miezi, kisha unachongwa na kufungwa wavu wa ngozi. Katika kijiji cha Akwesasne, ambacho mpaka wa Marekani na Kanada unakikata katikati, kulikuwa na kiwanda kilichotoa sehemu kubwa sana ya fimbo zilizotumika duniani. Mwaka 1968 kiwanda hicho kiliteketea kwa moto. Miaka 2 baadaye, mwaka 1970, kampuni ya STX ya Marekani ilisajili kichwa cha fimbo cha plastiki, na kazi nyingi ya mafundi wa mbao ikafa. Lakini si yote. Fundi Alfred Jacques, Muonondaga, alijifunza kazi hiyo pamoja na baba yake tangu ujana, akaendelea kuchonga na kufundisha hadi alipofariki mwaka 2023.

Matunda ya uvumilivu huo yanaonekana. Kwenye ardhi ya mto Grand, walikohamia watoto wa wale wakimbizi wa Niagara, kuna klabu ya vijana inayoitwa Six Nations Arrows. Kombe la Minto ndilo kombe kubwa la vijana wa lakrosi huko Kanada. Arrows walilichukua mwaka 1992, wakalichukua tena mwaka 2007, kisha 2014 na 2015. Ni kijiji kimoja kikishindana na miji mikubwa ya Kanada.

Makaratasi

Mwaka 1983 wazee na wachezaji wa mataifa sita waliunda ekipe moja ya kitaifa, Iroquois Nationals. Kati yao alikuwa Oren Lyons, mzee wa Onondaga aliyewahi kuwa kipa wa chuo kikuu cha Syracuse. Hawakutaka kucheza chini ya bendera ya Marekani wala ya Kanada. Walisema: sisi ni taifa mbele ya nchi hizo kuwepo. Mwaka 1990, katika mashindano ya dunia huko Perth, Australia, waliingia uwanjani na bendera yao kwa mara ya kwanza. Hawakushinda mchezo hata mmoja. Walirudi nyumbani wakaendelea kulea watoto.

Mwaka 2010 mashindano yalikuwa Manchester, Uingereza. Wachezaji walikuwa na pasipoti za Wahaudenosaunee. Jambo hilo halikuwa jipya: mwaka 1923 mzee wao Deskaheh alisafiri na pasipoti ya namna hiyo hadi Geneva kupeleka malalamiko ya watu wake mbele ya Jumuiya ya Mataifa. Lakini safari hii wakuu wa Uingereza walikataa kutoa viza. Waliambiwa: chukueni pasipoti za Marekani ao za Kanada, mtaondoka leo. Wangeweza kuzipata bila shida. Wakakataa. Siku zikapita wakiwa wamekwama New York, mchezo wao wa kwanza ukapita, na mwisho wakarudi nyumbani bila kucheza.

Najua wasomaji wetu wengi wanalielewa jambo hili vizuri. Karte ya uchaguzi iliyoungua pamoja na nyumba. Mtoto aliyezaliwa njiani bila cheti. Askari kwenye kizuizi anayekuuliza wewe ni wa wapi, na wewe huna la kumwonyesha. Vijana wale walipoteza mashindano waliyoyangojea miaka 4, kwa kukataa kusema kwamba wao ni watu wengine.

Miaka 4 baadaye, mwaka 2014, mashindano yalifanyika Denver, Marekani, na Iroquois wakachukua nafasi ya tatu duniani. Walirudia nafasi hiyo mwaka 2018 na mwaka 2023. Kutoka Perth, ambapo hawakushinda kitu, hadi medali ya Denver ni miaka 24. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Perth alikuwa tayari mtu mzima.

Denver hiyohiyo iliona ekipe ya kwanza ya Afrika katika mashindano hayo, na ni ya majirani zetu: Uganda. Lakrosi ilikuwa imefika kwao miaka michache tu mbele, kwa mkono wa wageni waliojitolea na fimbo za msaada. Vijana waliokuwa wanacheza mipira mingine walijifunza kudaka balo kwa wavu. Kwa hiyo mchezo huu hauko mbali nasi kama tunavyofikiri.

Mwaka 2020 Iroquois walikuwa wameachwa nje ya Michezo ya Dunia iliyopangwa kufanyika Birmingham, Alabama. Watu wengi walipopaza sauti, milango ikafunguliwa, lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Waairlandi wakajitoa wenyewe ili nafasi yao wapewe wenye mchezo. Sasa, tangu 2022, ekipe inaitwa Haudenosaunee Nationals, jina wanalojiita wenyewe. Na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba lakrosi ya wachezaji sita itarudi katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kwa watu hao swali bado ni lilelile, kwa sababu Olimpiki inapokea nchi zenye kamati ya Olimpiki, na wao hawana.

Jibu kwa papa

Papa, mchezo haujazi sufuria. Wale wa Niagara walikufa njaa, na hakuna balo ambayo ingewaokoa. Chakula kitafutwe kwanza, na wenye madaraka ya kukileta waulizwe kila siku.

Lakini nimefikiri juu ya watu wale kwa njia hii. Waliporudi na kukaa, kile ambacho moto haukukichoma kilikuwa ndani ya watoto wao. Moja ya njia zilizokilinda ilikuwa uwanja, pamoja na mzee mmoja wa kufundisha na jina moja la kuchezea. Tena, kijana asiye na shule wala kazi hakai bure siku nyingi. Kuna watu wanaomtafuta, na wote tunajua wanamtafutia nini. Klabu inayomwandika jina na kumngojea kila siku saa kumi inamtafuta pia.

Kwa vijana wenye daftari, historia hii ina mashauri machache. Mtumie vifaa mnavyoweza kutengeneza wenyewe, ili siku msaada ukikatika, mchezo usikatike. Kanuni ziwe chache, ziandikwe pamoja na watoto na wazazi, na muangalie kila moja inamwacha nani nje. Wasichana wawe na saa yao uwanjani tangu siku ya kwanza. Pesa ikija, hata franga elfu moja, ishikwe na watu wawili na iandikwe. Uwanja mdogo unatosha, uwe mbali na barabara, na prezida wa kambi na wazee wajulishwe. Na mfadhili akija na nguo zenye jina lake, mumshukuru, lakini jina la klabu libaki lenu.

Niliporudi kuwaona vijana hao, walinionyesha daftari. Walikuwa wamechora mistari na kuandika watoto 31: jina, miaka, jina la mama. Safu ya nne waliiongeza wenyewe, bila kushauriwa na mtu: kijiji alikotoka. Mtoto mmoja mdogo hakujua jina la kijiji chao, juu alibebwa mgongoni usiku wa kukimbia. Wakamtuma akamuulize mama yake. Alirudi akikimbia, akalitamka mara mbili ili wasilikosee.

Papa yule pia alikuwepo. Aliomba daftari, akasoma ile safu ya nne polepole kwa kidole, kisha akauliza ni saa ngapi wanaanza.